Mdomo mkavu kila asubuhi: je, kupumua kwa pua usingizini kuna uzito kama inavyosemwa?

Mkesha aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Nina umri wa miaka 43, sivuti sigara, na sina ugonjwa wa kudumu ninaoufahamu. Kwa mwaka mmoja hivi sasa nimekuwa nikiamka na kinywa kikavu kiasi kwamba ulimi hunata kwenye kaakaa, pembe za midomo zimechanika, na koo huwasha mpaka ninywe maji. Usiku huamka mara mbili au tatu, mara nyingine kwa kiu na mara nyingine bila sababu ninayoijua, na ingawa hukaa kitandani saa saba hadi nane, ikifika mchana husinzia kana kwamba nilikesha. Mke wangu anasema kwamba hulala nikiwa nimeachama na kwamba hukoroma, hasa ninapolala chali.

Nimesoma habari za watu wanaobandika plasta midomoni ili walazimike kupumua kwa pua, nao hudai kwamba jambo hilo limewaondolea kila kitu, kuanzia uchovu hadi shinikizo la damu. Nilijaribu usiku mmoja. Haikufika hata nusu saa nikaibandua kwa pupa huku moyo ukinienda mbio, kwa kuwa nilihisi kama mtu aliyetiwa ndani ya gunia na kufungwa kamba.

Ninaomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, je, kuna tofauti ya kweli kati ya kupumua kwa pua na kupumua kwa mdomo, wakati hewa ni ile ile na mapafu ni yale yale? Pili, mtu afanye nini ikiwa nia anayo lakini pua yenyewe, ikifika usiku, inagoma?

Muuguzi wa Zamu alijibu:

Ndugu Mkesha, pole kwa usingizi wa vipande vipande. Nimehudumu kwa miaka mingi katika kliniki ya masikio, pua na koo, na swali lako la kwanza ndilo ambalo wagonjwa wengi huona haya kuliuliza, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Hewa huwa ile ile inapoingia, lakini haiwi ile ile inapofika kwenye mapafu. Ndani ya kila upande wa pua kuna vijinyama vilivyojikunja, vilivyofunikwa na utando wenye mishipa mingi ya damu, na hewa hulazimika kujipenyeza kati yake. Katika safari hiyo fupi hewa hupashwa moto hadi kukaribia joto la mwili, hutiwa unyevu, na vumbi lake hunaswa na vinyweleo na kamasi. Mdomo hauna uwezo huo kwa kiwango kama hicho. Tena pua hufanya kazi hata wakati wa kutoa pumzi, kwa maana pumzi yenye joto inapopita juu ya utando uliopoa huacha hapo sehemu ya unyevu wake, nao mwili huupokea tena. Watafiti waliowapima watu wenye afya walikuta kwamba anayetoa pumzi kwa mdomo hupoteza maji zaidi kwa takriban asilimia 42 kuliko anayeitoa kwa pua. Ukiizidisha hali hiyo kwa saa nane za usiku, utaielewa kiu yako.

Jambo la pili ni umbo la njia ya hewa, na kwa maoni yangu hili ndilo lenye uzito kuliko yote, ingawa halizungumzwi sana kwa sababu halina mvuto wa kimiujiza. Fanya jaribio hili ukiwa macho: lala chali, funga midomo, ulimi ukiwa umegusa kaakaa nyuma ya meno ya juu, kisha upumue kwa pua mara tano. Baada ya hapo liache taya lianguke kama la mtu aliyepitiwa na usingizi. Utahisi shina la ulimi likirudi nyuma kuelekea koromeo na nafasi ya hewa ikibana. Ukiwa macho, misuli ya koo huizuia nafasi hiyo isifunge. Ukilala, misuli hiyo hulegea, na katika usingizi wa ndoto hulegea zaidi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 uliwachunguza watu wenye afya katika hali zote mbili. Walipokuwa macho hapakuonekana tofauti kubwa kati ya pua na mdomo, lakini walipokuwa usingizini ukinzani wa njia ya hewa kwa upande wa mdomo ulikuwa takriban mara mbili na nusu ya ule wa pua, na pumzi zao zilikatika mara nyingi zaidi. Kwa hiyo mtu anayejipima mchana na kusema kwamba haoni tofauti yoyote hakosei, ila amepima wakati usiohusika.

La tatu ni gesi ya naitriki oksaidi, ambayo nina hakika umekutana nayo katika ulichosoma. Sainasi, yaani vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso, huitengeneza, na mtu anapovuta pumzi kwa pua gesi hiyo hushuka pamoja na hewa mpaka kwenye mapafu, ambako husaidia kupanua mishipa ya damu. Wanasayansi watatu wa Marekani, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuonyesha kazi ya gesi hiyo katika mishipa ya damu, na watafiti wa Taasisi ya Karolinska nchini Uswidi walionyesha mwaka 2002 kwamba mtu anapovumisha sauti puani, midomo ikiwa imefungwa, gesi hiyo hutoka kwa kiasi cha mara 15 kuliko anapotoa pumzi kimya kimya. Ni habari ya kupendeza. Hata hivyo, kutoka kwenye gesi inayopanua mishipa mpaka kwenye plasta inayotibu shinikizo la damu ni mruko mrefu, na wanaouruka mara nyingi wana plasta za kuuza.

Sasa nije kwenye swali lako la pili. Watu wengi hawaachami usingizini kwa tabia mbaya. Huachama kwa sababu pua haiwapi hewa ya kutosha, na mwili hutafuta njia iliyobaki. Ukiiziba njia hiyo kabla ya kuifungua pua, hofu iliyokupata ni itikio sahihi kabisa la mwili wenye akili timamu. Hatari yake ni kubwa zaidi kwa mtu aliyekunywa pombe au dawa za usingizi, kwa mwenye kichefuchefu, na kwa yule ambaye pumzi zake tayari hukatika usiku bila yeye kujua.

Kabla sijasema zaidi, naomba unijibu mambo matatu. Chukua kijiko cha chuma kikavu kilichopoa, kishike chini ya pua kwa ubapa, toa pumzi polepole, kisha tazama madoa mawili ya ukungu: je, yanalingana? Rudia asubuhi, mchana na usiku, maana watu wenye afya pia huwa na upande mmoja uliobana zaidi kwa saa kadhaa kisha mwingine hupokea zamu, jambo ambalo daktari Mjerumani Richard Kayser alilieleza tangu mwaka 1895. Pili, muulize mkeo kama ukoromaji wako hukatika ghafla, kukawa kimya, kisha ukashtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo. Tatu, na hili ujibu bila kuficha, je, unatumia dawa yoyote ya puani?

Plasta Yangu alijibu:

Naomba kutofautiana kidogo na Muuguzi, kwa heshima. Mimi hubandika plasta kila usiku kwa mwezi wa tisa sasa na sina ninachokilalamikia: kinywa hakikauki, na ukoromaji umepungua kiasi kwamba mwenzangu amerudi chumbani. Ninayotumia ni kipande chembamba kinachobandikwa wima katikati ya midomo, hivyo pembeni pako wazi na nikitaka kuzungumza ninaweza.

Lakini ili niwe mkweli, sikuanza nayo. Nilianza kwa kupimwa usingizi usiku mzima, ikaonekana kwamba pumzi zangu hazikatiki, na pua yangu haikuwa na tatizo. Nilikuwa mtu wa kuachama tu.

Muuguzi wa Zamu alijibu:

Ndugu Plasta Yangu, hapo hatutofautiani. Wewe ulipimwa kwanza. Tafiti za plasta zilizopo ni chache na zinahusu watu wachache, na katika baadhi yake wakoromaji wenye tatizo dogo walipata nafuu, ila waliochaguliwa kushiriki kwa kawaida ni watu ambao pua zao zinapitisha hewa. Anayesoma matokeo hayo akiwa na pua iliyoziba anasoma habari za mtu mwingine.

Mtunza Meno alijibu:

Nitaongeza jambo moja la kinywani, kwa kuwa mara nyingi sisi ndio tunaokutana na watu hawa mapema. Mate hupungua sana mtu anapolala, hata yule anayefumba mdomo, na hicho kidogo kinachobaki ndicho kinachopunguza makali ya asidi inayotengenezwa na bakteria. Mdomo ukiwa wazi usiku kucha, hata hicho hukauka. Mgonjwa hukaa kwenye kiti akiapa kwamba anapiga mswaki mara mbili kwa siku, na huenda anasema kweli, lakini ufizi wa meno ya mbele ya juu umekuwa mwekundu na unang'aa, ulimi una utando, na harufu ya kinywa ya asubuhi haiondoki hata baada ya mswaki. Ninapoona ufizi uliovimba upande wa mbele pekee, huku wa nyuma ukiwa salama, swali langu la kwanza huwa juu ya pua. Ndugu Mkesha, tumia dawa ya meno yenye floridi kabla ya kulala, uteme povu bila kusukutua kwa maji mengi, na usiweke kinywaji chenye sukari kando ya kitanda kwa ajili ya ile kiu ya usiku. Maji matupu yanatosha.

Mama wa Wawili alijibu:

Nimeufuatilia mjadala huu kwa sababu ya mwanangu wa miaka mitano, na ninaomba niyaweke hapa tuliyoyapitia kwa kuwa kwa watoto mambo huwa na sura nyingine. Yeye alikuwa akilala ameachama, shingo ameinyoosha nyuma kama anayetazama dari, shuka limelowa jasho, na mchana hakuwa mtu wa kusinzia bali wa kurukaruka na kukosa utulivu, hata tukaambiwa shuleni kwamba ni mtundu. Kwa muda mrefu tulidhani ni mafua yasiyopona. Mtaalamu wa kwanza tuliyemwona alitupa dawa za mafua mara tatu bila kumwangalia akiwa amelala wala kutuuliza lolote kuhusu usiku.

Wa pili aliomba tumrekodi kwa simu akiwa usingizini kwa dakika chache. Aliitazama video hiyo mara moja tu, akasema nyama za nyuma ya pua, yaani adenoidi, zimekua kiasi cha kuziba njia. Baada ya upasuaji, usiku wa kwanza tulipokuwa tumerudi nyumbani niliamka mara kadhaa kumwangalia, kwa sababu ukimya wake ulinitisha.

Muuguzi wa Zamu alijibu:

Asante sana, dada. Kwa wasomaji wengine wenye watoto, adenoidi kwa kawaida huwa kubwa katika miaka ya kabla ya shule na ya mwanzo wa shule, kisha husinyaa kadiri mtoto anavyokaribia utu uzima, kwa hiyo si kila mtoto hufanyiwa upasuaji. Lakini mtoto anayekoroma usiku mwingi bila mafua anastahili kuangaliwa, kwani mifupa ya uso na taya lake bado inakua, na kuachama kwa miaka kunahusishwa na kaakaa jembamba na meno yanayosongamana. Mtoto asibandikwe plasta kamwe.

Mkesha alijibu:

Ninawashukuru nyote, na ninaomba radhi kwa kuchelewa, kwa maana nilitaka nirudi na majibu kamili.

Kijiko nimekitumia kwa siku nne. Asubuhi madoa ya ukungu hutofautiana kidogo na hubadilishana ukubwa, sawa na ulivyoeleza. Usiku kabla ya kulala, upande wa kushoto hutoa doa lenye upana wa kidole gumba, na wa kulia hutoa kijidoa kinachofutika kabla sijakitazama vizuri. Mke wangu, nilipomuuliza juu ya ukimya unaokatiza mkoromo, alinyamaza kidogo kisha akasema kwamba huwa anahesabu, na kwamba mara nyingine hufika kumi na tano kabla sijavuta pumzi. Sikuwahi kuambiwa hivyo. Anasema alidhani ninajua.

Kuhusu dawa, ndiyo, ninatumia. Niliugua mafua makali miezi saba iliyopita, nikanunua dawa ya kupuliza ya kuzibua pua yenye zailometazolini, na tangu wakati huo huipuliza kila usiku, na siku hizi hata alfajiri, kwa kuwa bila hiyo pua hufunga kabisa. Sikuitaja mwanzoni kwa sababu sikuiona kuwa ni dawa hasa. Niliiona kama kitu cha kawaida, sawa na mafuta ya midomo.

Muuguzi wa Zamu alijibu:

Ndugu Mkesha, umenipa zaidi ya nilivyotarajia, na nitayatenganisha mambo mawili ambayo yamekaa pamoja ndani yako.

La kwanza ni hiyo dawa. Zailometazolini, pamoja na ndugu yake oksimetazolini, huibana mishipa ya damu ya utando wa pua, utando hunywea, na hewa hupita ndani ya dakika chache, ndiyo maana watu huipenda. Ikitumiwa kwa siku nyingi mfululizo, mishipa hiyo huzoea, na nguvu ya dawa inapokwisha hutanuka kupita ilivyokuwa mwanzo, hivyo mtu hupuliza tena kutibu uvimbe ulioletwa na mpulizo uliotangulia. Ndiyo sababu maelekezo ya dawa hizi huzungumzia siku chache tu, kwa kawaida zisizozidi tano. Mafua yako yalikwisha zamani. Unachokitibu sasa ni dawa yenyewe.

Namna ya kutoka humo si ngumu ila inakera. Wengi huanza na tundu moja: wanaacha kabisa kupuliza upande mmoja huku wakiendelea na mwingine kwa muda, na upande ule ukishafunguka wenyewe, wanaacha na wa pili. Daktari anaweza kukuandikia dawa ya puani ya steroidi ikusaidie katika kipindi hicho, nayo haifanyi kazi usiku huo huo bali huchukua siku kadhaa hadi wiki, kwa hiyo usiitupe siku ya tatu ukidhani ni maji. Unapoipuliza, shika chupa kwa mkono wa upande ulio kinyume na tundu na uelekeze ncha nje, kuelekea sikio la upande wa tundu lenyewe. Ukielekeza katikati, dawa hupiga ukuta unaotenganisha matundu na kuleta vidonda na damu. Kusafisha pua kwa maji ya chumvi pia hufaa, kwa kipimo cha gramu 9 za chumvi katika lita moja, lakini maji yawe yamechemshwa na kupoa, au yawe yaliyotoneshwa kwa mvuke. Maji ya bomba yasiyochemshwa yasiingizwe puani, kwa sababu yanaweza kubeba kimelea kinachoshambulia ubongo; ni jambo la nadra sana, lakini anayelipata kwa kawaida haponi.

Omba pia upande wa kulia uangaliwe kwa ndani. Huenda ukuta wa kati umepinda, huenda kuna nyama za pua, huenda ni mzio. Jaribio dogo la nyumbani ni kuweka vidole shavuni kando ya pua na kulivuta kwa upole kuelekea sikioni. Ikiwa hewa inapita vizuri mara moja, sehemu ya mbele ya pua ndiyo iliyobana.

La pili ni hesabu ya mkeo, na hili nisingependa ulisubirishe mpaka pua ipone. Pumzi inayosimama kwa sekunde 10 au zaidi tayari ina jina katika tiba, na kinachopimwa ni mara ngapi kwa saa pumzi husimama au kupungua sana: chini ya 5 kwa mtu mzima huhesabiwa kuwa kawaida, kuanzia 15 ni tatizo la wastani, na kuanzia 30 ni kubwa. Hali hiyo ikiachwa huambatana na shinikizo la damu, mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida na kiharusi, mbali na ajali za kusinzia barabarani. Nitakuwa muwazi pia kwamba kuifungua pua peke yake mara nyingi hakuondoi kukatika kwa pumzi. Hupunguza uchovu na mkoromo kwa baadhi ya watu, na hufanya tiba nyingine zivumilike, lakini anayekwambia kwamba pua ikizibuka yote yamekwisha anakudanganya. Omba kipimo cha usingizi. Kabla ya siku hiyo lala kwa ubavu, uinue kichwa kidogo, uache pombe ya jioni, na usiendeshe gari ukiwa unasinzia.

Mwenye Mashine alijibu:

Nimepitia njia hiyo hiyo, kwa hiyo usiogope jina la mashine iwapo utaambiwa uitumie. Ni kifaa kinachosukuma hewa kwa shinikizo dogo ili koromeo lisifunge, kilichobuniwa na daktari Colin Sullivan nchini Australia na kuelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na tangu mwanzo hewa yake ilipitishwa puani. Mimi nilipewa barakoa ya pua nikashindwa kwa wiki tatu, si kwa sababu ya mashine bali kwa sababu pua ilikuwa imeziba na hewa yote ilitorokea mdomoni ikinikausha koo. Pua ilipotibiwa, barakoa ile ile ilinikaa. Ndiyo maana ninamuunga mkono Muuguzi: shughulikia yote mawili kwa pamoja.

Mkesha alijibu:

Nimerudi kuwapa taarifa fupi. Tundu la kushoto nililiacha bila dawa kwa siku tisa. Siku nne za mwanzo zilikuwa ngumu, nililala nimeegemea mito mitatu, na siku ya sita nilishtuka kugundua kwamba linapitisha hewa lenyewe. La kulia nimeanza kuliachisha juzi. Daktari amelitazama na kusema ukuta wa kati umepinda kuelekea upande huo, ila hataki kuzungumzia upasuaji mpaka athari ya dawa iishe na kipimo cha usingizi kifanyike. Kipimo ni Jumatano ijayo, nitalala nimevaa mkanda kifuani, kirija puani na kifaa kidoleni. Mke wangu ameniomba nimuulize daktari kama hesabu zake zinaweza kutumika. Alizianza kuziandika kwenye daftari tangu siku ile, na ana kurasa mbili.